Kidole cha Pete, Nyuzi Thelathini

Jumatatu, 8 Januari

Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Gari limewaka kwa kunung'unika, kama mimi.

Bi Doerksen, mkuu wa shule, ameniita kabla sijavua koti. Nilijua nafukuzwa. Njiani nilitayarisha maneno ya kuomba radhi kwa makosa matatu, kwa kuwa sikujua ni lipi limegundulika. Kumbe ni hesabu. Wanafunzi wa darasa la kumi na moja hawakumbuki thamani kamili za sini na kosini, na mtihani wa tarehe 24 una sehemu nzima isiyoruhusu kikokotoo. Anataka watu wazima wawili wakae nao kila mchana kwenye chumba cha hesabu, wawaulize maswali huku wakila. Amenichagua mimi kwa sababu karani wa mahudhurio hana kazi mchana (si kweli), na Orest Hrychuk, mwalimu wa michezo, kwa sababu Orest hakatai kitu. Kabla ya hapo tutafundishwa sisi wenyewe na mwanachuo wa ualimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, Rannveig Eyford.

Rannveig! Ametoka Brandon, yuko nasi tangu Desemba, anaondoka Ijumaa tarehe 26. Hucheka kabla hajamaliza sentensi yake mwenyewe. Mpaka leo nimemwambia maneno kumi na moja kwa jumla, na saba kati ya hayo ni "asante". Zimebaki siku kumi na tano za kazi.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema kwamba thamani hizo nazijua. Nazijua kama ninavyojua njia ya kwenda kitandani. Hapo nikaona Rannveig, kwenye kona ya ofisi, amemshika Orest mkono wa kushoto, anamwonyesha mbinu ya vidole. Kiganja kinakutazama wewe. Kidole cha mwisho ni sifuri, cha pete ni thelathini, cha kati arobaini na tano, cha shahada sitini, gumba tisini. Unakunja kidole cha pembe unayoitaka. Vilivyobaki kulia ni vya sini, vya kushoto ni vya kosini. Unahesabu, unatafuta kipeuo cha pili, unagawa kwa mbili. Basi.

Alimkunja Orest kidole cha pete kwa vidole vyake viwili, taratibu, kama mtu anayefunga kitabu cha mwenzake bila kupoteza ukurasa.

Nikafunga mdomo. Nikaufungua tena. Nikasema zimenitoka zote, haijabaki hata moja.

Jumanne, 9 Januari

Maandalizi ya mkono. Jana jioni Amma, yaani bibi yangu ninayeishi naye, alinilazimisha kupasua samaki wanane wa ziwani. Leo asubuhi mkono bado unanuka samaki. Nimeuosha kwa limau, kisha dawa ya meno, kisha nikaupaka krimu ya waridi ya Amma. Sasa ulinuka samaki aliyekwenda harusini. Nikaupasha moto kwenye kipasha joto cha ofisini ili usiwe baridi akiushika. Niliuacha mno. Ukawa mwekundu upande mmoja.

Somo saa sita mchana. Pigo la kwanza: alikaa mbele yangu, ng'ambo ya meza. Pigo la pili: alitumia mkono wake mwenyewe kuonyesha. Alinyanyua kushoto kwake, kiganja kikimtazama yeye, akakunja kidole cha pete, akaniuliza sini ya thelathini.

Ni nusu. Mtoto yeyote angeijua. Lakini niliona kitu. Kwa kuwa tumeelekeana, kulia kwake ni kushoto kwangu. Mtu mjinga, akihesabu vidole vya upande wa kulia kama anavyoviona yeye, atahesabu vitatu badala ya kimoja. Atasema kipeuo cha pili cha tatu, gawa kwa mbili. Atakuwa amebadilisha sini na kosini. Kosa la heshima kabisa, na dawa yake ni moja tu.

Nikasema kipeuo cha pili cha tatu, gawa kwa mbili.

Alikunja uso. Akatazama mkono wake, akanitazama mimi, akacheka. Akasema ni kosa lake, ngoja azunguke. Akazunguka! Akakaa kushoto kwangu, akachukua mkono wangu, akakikunja kidole changu cha pete. Sekunde nne. Labda tano.

Aliuliza kama kuna mtu anapika kitu. Nikasema labda jikoni.

Mchana wote nimeandika vibali vya kuchelewa kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeuweka juu ya meza, haufanyi kazi yoyote.

Alhamisi, 11 Januari

Hofu kubwa. Nimekumbuka ubao wa shaba.

Uko kwenye korido ya ukumbi wa michezo: majina ya washindi wa tuzo ya hesabu, kila mwaka mmoja. La nane kutoka chini ni Skapti Bjornson, yaani mimi. Herufi zimechongwa. Rannveig hupita hapo mara nne kwa siku.

Kuung'oa ni kosa la jinai, nadhani. Nimeufunika kwa tangazo la mashindano ya mchezo wa kuteleza mawe juu ya barafu, nimeligandisha kwa utepe pembe zote nne. Nilichagua tangazo kubwa zaidi nililoweza kulipata. Hilo lilikuwa kosa. Kufikia saa nne kila anayepita amesimama kulisoma. Mchana kulikuwa na watu kumi na wawili pale, na Orest katikati yao akiorodhesha timu, akilipigapiga kwa kiganja kila akitaja jina. Miaka saba hakuna aliyeutazama ukuta ule.

Somo la leo: nimekosea kosini ya sitini. Amezunguka meza tena. Sekunde sita.

Jumatatu, 15 Januari

Orest ni balaa. Wiki nzima na bado hajui thamani hata moja, na hajifanyi. Mkono wake ni kama jembe la theluji. Leo Rannveig amemshika dakika ishirini, nimehesabu kwa saa ya ukutani, na bado akasema kosini ya sifuri ni sifuri.

Kisha akafanya kitu ambacho bado sikielewi. Akamwambia Rannveig, mbele yangu na mbele ya wanafunzi wanaotafuna mikate, kwamba hesabu haiingii lakini hii ndiyo saa anayoipenda kuliko zote, hajashikwa mkono na mtu tangu mkewe aondoke. Alisema hivyohivyo, kama mtu anayesema nje kuna theluji. Rannveig akacheka, akampiga begani, akasema watamtafutia mtu, mradi aache kubahatisha. Hakuna aliyekufa.

Mtu anawezaje kusema tu?

Nilikusudia kumshinda. Zamu yangu ilipofika nilijibu vibaya maswali yote matano, kwa sauti thabiti, sauti ya mtu aliyesoma. Sini ya thelathini, kipeuo cha pili cha tatu gawa kwa mbili. Sini ya sitini, nusu. Rannveig alizunguka meza mara tatu. Kwenye meza ya jirani Brynja, binti anayeandika kila kitu anachokisikia, alikuwa akiandika.

Sikulitilia maanani. Nilikuwa nahesabu sekunde.

Jumatano, 17 Januari

Balaa halisi.

Rannveig aliwapa jaribio dogo. Wanafunzi kumi na tisa. Kumi na moja wamebadilisha sini na kosini, wote kwa mtindo mmoja. Brynja alikuwa ameupitisha muhtasari wake kwa wenzake, na juu yake ameandika: *kwa mujibu wa karani*.

Rannveig hakumlaumu yeyote. Hilo ndilo lililonimaliza. Alikaa kwenye kiti cha wageni ofisini kwangu na karatasi mapajani, akasema pengine hafai kufundisha. Akasema msimamizi wake anakuja kuutazama mtihani wa tarehe 24 na ripoti yake inategemea huo, na shule ya mji wa Thompson iliyomwahidi kazi inasubiri ripoti. Akasema mimi nisijisikie vibaya, ni yeye aliyeshindwa kunifundisha.

Nilipaswa kusema pale pale. Sentensi ilikuwa tayari, niliihisi mdomoni. Badala yake nilimuuliza kama anataka klipu za karatasi.

Alichukua mbili. Akasema asante.

Alhamisi, 18 Januari

Nimefika shuleni saa moja kamili, kabla ya mtu yeyote, nikaingia chumba cha hesabu kwa funguo za ofisi. Nikachukua chaki.

Nilikusudia kuandika mistari mitano tu ya masahihisho. Lakini chaki ilikuwa mpya na ubao ulikuwa safi.

Nilichora pembetatu yenye pande tatu sawa, kila upande 2. Nikaikata katikati kwa mstari mmoja wa wima. Nusu yake ina upande wa 2, kitako cha 1, na kimo ambacho hakiwezi kuwa kingine ila kipeuo cha pili cha tatu. Pembe ya juu thelathini, ya chini sitini. Umemaliza: sini ya thelathini ni 1 juu ya 2, huna haja ya vidole. Kando yake nikachora mraba wa upande 1, nikaukata kwa ulalo, na arobaini na tano ikatoka yenyewe. Chini nikaandika: *Ukisahau, usiogope. Chora upya. Haijaenda popote.*

Nilirudi nyuma nikaitazama. Nje kulikuwa bado giza, taa ya barabarani inaangazia theluji. Sijui nilisimama muda gani. Miaka saba iliyopita nilikwenda chuo Winnipeg, ukumbi wa watu mia tatu. Profesa akauliza swali, nikajua jibu, mkono haukunyanyuka. Haukunyanyuka Septemba yote wala Oktoba. Krismasi nikarudi nyumbani na sanduku langu, na Januari sikuondoka. Watu walidhani nilishindwa hesabu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini.

Leo asubuhi hesabu ilinijia yote, na haikuwa imenikasirikia.

Sikuweka jina. Nilifuta vumbi mikononi kwa koti jeusi. Si uamuzi mzuri.

Ijumaa, 19 Januari

Wanafunzi wameupenda ubao. Hakuna aliyeruhusiwa kuufuta. Brynja ameunakili mara mbili.

Shule nzima inaamini ameuandika Orest.

Sababu: Orest alionekana akifungua ukumbi wa michezo asubuhi ile kwa ajili ya mazoezi. Aliulizwa, akakana. Aliulizwa tena, akacheka akasema yeye hata kosini ya sifuri haijui, muulizeni Mwalimu Rannveig. Wakasema tazama alivyo mnyenyekevu. Bi Doerksen amemsifu kwenye kipaza sauti cha shule. Tangazo hilo, kwa taarifa ya shajara hii, limechapwa na mimi.

Jumatatu, 22 Januari

Mama wa Brynja amemtumia Orest keki ya plamu ya tabaka saba. Saba! Kwetu keki ile hutoka Krismasi na mazishini tu. Orest amenikatia kipande, akaniambia kwa mdomo uliojaa kwamba ajabu ya dunia hii ni watu kukulisha kwa jambo usilolifanya, na je, namjua aliyelifanya. Nikasema sina habari. Akanitazama koti. Akasema haya, karani, kula keki.

Rannveig haulizi kitu. Leo alikuja kuchukua orodha ya mahudhurio na akasimama pale kaunta kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, akinitazama nikiandika kibali cha mtoto aliyechelewa. Nilidhani nimekosea tarehe. Niliandika kingine.

Mtihani unakaribia, masomo ya vidole yamesimama. Siku tano bila mtu kuugusa mkono huu. Nyumbani nimejikunja kidole cha pete mwenyewe. Si sawa kabisa.

Jumatano, 24 Januari

Mtihani! Kumi na nane kati ya kumi na tisa wamepata sehemu ile yote. Wa kumi na tisa alilala. Kwenye karatasi za kukokotolea kuna vipembetatu vidogo kila mahali, vimekatwa katikati.

Msimamizi amesema hajawahi kuona. Ripoti ni nzuri. Thompson ni uhakika, anaanza wiki ya kwanza ya Februari. Saa nane za barabara kuelekea kaskazini, zaidi kukiwa na theluji.

Rannveig alikimbia kwenye korido na kumkumbatia kila aliyekutana naye: Orest, Bi Doerksen, mfagizi. Nilisimama kwenye mlango wa ofisi, mahali panapofikika kwa urahisi. Alipofika kwangu alisimama. Hakunikumbatia. Alinitazama kama mtu anayesubiri basi lililo karibu kufika. Simu ikalia. Niliipokea. Ilikuwa namba isiyo sahihi. Nilizungumza nayo dakika mbili.

Alhamisi, 25 Januari

Mpango wa mwisho, na wa hatari. Kesho mchana anafunga safari. Asipopata gari atakaa saa moja zaidi. Katika saa moja mtu anaweza kusema mengi, mtu mwingine.

Kwenye maegesho ya walimu kila gari limechomekwa waya kwenye nguzo, ili injini isigande. Ukichomoa waya wa mtu katika baridi hii, mchana gari haliamki. Leo ningefanya jaribio: nichomoe saa tatu, nione inachukua muda gani, kisha nichomeke tena kabla hajajua. Nilitoka nikiwa nimejifunika uso wote. Magari yote yamefunikwa na barafu, yote meupe. Nikachomoa la tatu kutoka mwisho, nikakimbia. Nilipofika mlangoni nilijisikia mhalifu, nikarudi kulichomeka. Nikakuta nyaya tatu zinaning'inia, mbili nadhani nimezikwaa nikikimbia, na nisijue ipi ni ipi. Nikachomeka moja.

Saa kumi gari la Bi Doerksen halikuwaka.

Wala langu.

Bi Doerksen amenifanya nichape ilani ya kuonya watu wanaochezea nyaya za wenzao. Alitaka neno kali. Nilipendekeza "mjinga". Akasema ongeza "mwoga". Nikaongeza. Orest ametuamshia magari yote mawili kwa betri yake, akipiga mluzi.

Gari la Rannveig liliwaka mara moja.

Ijumaa, 26 Januari

Naandika yote, kwa utaratibu, nisije nikaanza kubadilisha.

Alikuja ofisini saa tisa na nusu. Wanafunzi walikuwa wameondoka. Amevaa koti tayari, glavu moja mkononi. Hakukaa kwenye kiti cha wageni. Alizunguka kaunta, akazunguka meza, akavuta kiti akakaa kushoto kwangu, bila mimi kukosea kitu chochote.

Aliweka mezani kitita cha vibali vya kuchelewa. Vya darasa lake, tangu Desemba. Kila mtoto aliyechelewa alimpelekea kimoja, kwa mwandiko wangu, na yeye hakuvitupa. Akaweka kidole kwenye namba.

"Mbili zako zina kitanzi chini," alisema. "Ubaoni kulikuwa na mbili kama hizo saba. Nilizihesabu."

Nilivipanga vibali pembe kwa pembe.

"Ulizijua tangu siku ya kwanza, Skapti."

Nilikubali kwa kichwa.

"Sasa kwa nini?"

Nilisema nilikuwa napima kama mbinu ya vidole ni salama kwa watumiaji. Hakucheka. Alisubiri. Saa ya ukutani ilikuwa na sauti ambayo sijawahi kuisikia. Kisha akavua ile glavu moja, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, kiganja juu, kati ya kibodi na stepla.

"Haya," alisema. "Leo mimi ndiye nimesahau. Thelathini ni kidole kipi?"

Niliutazama. Kulikuwa na chaki kwenye kona ya ukucha wa gumba, na alama ya wino mahali kalamu inapokaa, na vidole vilikuwa vimelegea kidogo, kama watu walioketi kusubiri kuitwa. Kutoka mkono wangu mpaka wake ni inchi nne. Nimepima baadaye. Kila nilichokitaka tangu tarehe 8, na pengine tangu Septemba ile ya Winnipeg, kilikuwa pale juu ya meza ya serikali, kimefunguliwa, na kilichohitajika ni kunyanyua mkono.

Nikasema kwa kweli vidole ni njia ya mkato tu, na kwa mtu wa kiwango chake ni bora kurudi kwenye pembetatu.

Nikachukua karatasi. Nikachora. Nilieleza nusu ya pembetatu, kimo chake, kwa nini kipeuo hakikwepeki. Nikaeleza mraba. Nikaeleza kwa nini sini ya pembe moja ni kosini ya mwenzake, kwamba ni pembe mbili za pembetatu ileile, kila moja inauona upande ambao mwenzake ameuegemea. Nilieleza vizuri. Sijawahi kueleza kitu vizuri namna hiyo, na wala sikuogopa, dakika ishirini na tano sikuogopa kabisa. Alisikiliza yote. Macho yake yalikuwa yanang'aa, nadhani ni kwa sababu ya mraba.

Mkono ulikaa pale mpaka karibu na mwisho. Kisha aliuhitaji kuvaa glavu.

Akauliza kwa nini sifundishi. Nikamwambia habari ya ukumbi wa watu mia tatu. Sijamwambia mtu habari hiyo, hata Amma anajua nusu tu. Kisha akachukua kibali kitupu, akaandika nyuma yake anwani ya Thompson na namba ya simu.

"Niandikie kitu kimoja unachokitaka," alisema. "Kimoja tu. Lakini isiwe hesabu."

Nikasema asante.

Gari lake liliwaka. Nililitazama dirishani mpaka moshi wake ulipotulia hewani, na ulikaa muda mrefu, kwa kuwa hapakuwa na upepo.

Jumapili, 28 Januari

Amma ameniuliza kwa nini sili. Nimemweleza kidogo. Ameweka chini sindano zake za kufuma akaniuliza yule msichana alitaka nini hasa nilipoanza kuchora. Nikasema alikuwa amesahau thelathini. Amma akazichukua tena sindano.

"We Skapti," alisema, "babu yako alikuwa hajui kusoma, na mimi nilijua anachotaka kabla hajafunga farasi."

Akaniambia nimpigie simu, niseme nampenda, kisha nikate. Nusu dakika, simu hata haitapata moto. Nikamwambia mambo haya yanahitaji maandalizi.

Jumatatu, 29 Januari

Muhula mpya. Nyuzi ishirini na nane tu chini ya sifuri, watu wanatembea makoti wazi. Orest amenisimamisha kwenye korido, akauliza kama nimemwandikia. Nikasema naandika. Akaniambia andika kabla barafu ya ziwa haijavunjika. Hiyo ni Mei. Nimemshukuru kwa kunipa muda.

Lakini sikuuhitaji. Barua imekwisha leo! Nimeiandika kwa saa tatu, kwa wino, na imenitoka bila kukwama. Nilifikiri sana juu ya sharti lake. Nimeridhika kwamba alikuwa na maana ya hesabu za pembe. Hakusema lolote kuhusu logariti.

Nimemwandikia kwamba logariti zimenitoka zote, haijabaki hata moja, na kama siku moja atapita huku, hata kwa bahati, huenda akaweza kunikumbusha, na kwamba kwangu mtu haelewi vizuri mwalimu akikaa mbele. Kurasa nne. Kwenye ukurasa wa tatu, anayesoma kwa makini ataona kila kitu.

Amma ameisoma yote, kwa miwani, mara mbili. Ameirudisha, akaenda kulala saa moja jioni.

Haelewi mambo haya. Kesho naipeleka posta. Kwa usalama nimeukosea mfano wa pili makusudi, ili alazimike kujibu.